Kabla Jino Halijauma

Ukimwambia mtu mtaani kwetu kwamba kesho unaenda kwa daktari wa meno, atakuuliza neno moja tu: "Lipi?" Hatauliza kwa nini. Kwake, hakuna mtu anayepita mlango ule akiwa mzima. Lazima kuna gego limemnyima usingizi, Panadol zimeshindwa, karafuu imeshindwa, na sasa amebakiwa na koleo. Ukimjibu kwamba hakuna linalouma, unaenda tu kutazamwa, atakutazama kama mtu aliyepeleka gari jipya kwa fundi.

Swali hilo la "lipi" lina historia, na historia yenyewe ni ya pesa kuliko ya meno.

Mwezi uliopita nilizipigia simu kliniki tatu za kibinafsi hapa Nairobi, moja katikati ya jiji na mbili mitaani, nikauliza bei kama mteja yeyote. Kutazamwa tu, daktari akague kinywa na kukwambia hali yako: 1,000 kwa ya kwanza, 1,500 kwa ya pili, na ya tatu walisema bure ukisafishwa meno siku hiyo hiyo. Kusafisha: kati ya 2,500 na 4,500. Kuziba jino moja: kati ya 3,500 na 6,000. Kutibu mzizi wa jino lililooza hadi ndani: kuanzia 12,000 hadi 20,000, na hapo bado hujalipia kofia ya kulifunika. Kung'oa: 1,500 hadi 2,500.

Hebu zitazame tena hizo namba. Jino likishatoboka, njia rahisi kuliko zote za kumaliza shida ni kulitoa. Kuliokoa ni ghali mara mbili, mara tatu, mara kumi. Mtu mwenye thao mbili mfukoni na maumivu usiku kucha hahitaji mahubiri kuhusu usafi wa kinywa. Ameshapiga hesabu yake. Ndiyo maana mtaa mzima unauliza "lipi". Mimi nilitaka kujua hesabu hiyo ilianzaje, na kama ni lazima iendelee kuwa hivyo.

Tuanze na kitu kimoja: si kweli kwamba babu zetu hawakujali meno. Neno lenyewe "mswaki" ni la zamani kuliko plastiki. Limetokana na Kiarabu, na kabla halijawa jina la brashi ya dukani lilikuwa jina la kijiti, na la mti kinakotoka, ule ambao wataalamu wa mimea huuita Salvadora persica. Pwani na kaskazini bado utaona watu wakitembea na kijiti hicho mdomoni. Na kung'oa nako hakukuletwa na Mzungu. Waluo waling'oa meno sita ya mbele ya chini, Wamaasai mawili ya katikati ya chini. Sababu moja inayotajwa sana ni ugonjwa wa pepopunda: taya zikikaza, mgonjwa atapitishiwa maziwa au uji kwenye pengo. Yaani jino zima lilitolewa kwa ajili ya siku ya hatari ambayo huenda isingefika. Ukiifikiria vizuri, hiyo nayo ilikuwa kinga.

Tulichokosa ni maelezo ya kwa nini meno huoza. Na hapo hatukuwa peke yetu. Wababiloni waliandika kwenye vigae vya udongo kwamba jino huliwa na mdudu. Ulaya iliamini hivyo kwa karne nyingi. Hapa kwetu bado tunasema "jino limeliwa na mdudu", na sokoni hukosi mtu wa kukuahidi kumtoa huyo mdudu kwa mvuke wa mitishamba. Mwaka 1728 daktari Mfaransa Pierre Fauchard alichapisha kitabu kikubwa kuhusu tiba ya meno. Alisema alimtafuta mdudu huyo, hata kwa hadubini, asimwone. Maelezo yanayokubalika leo yalikuja mwaka 1890, kupitia kwa Mmarekani Willoughby Miller aliyekuwa akifanya kazi Berlin: bakteria wa kinywani hula sukari na wanga tulivyokula, kisha hutoa asidi, na asidi hiyo ndiyo inayolila jino taratibu.

Taratibu. Neno hilo ndilo linalofanya ukaguzi wa meno uwe na maana. Shimo la jino halitokei usiku mmoja. Linaanza kama doa jeupe lisilouma, na katika hatua hiyo linaweza kusimamishwa, hata kurudi nyuma, kwa dawa ya meno yenye floraidi na kupunguza sukari. Halafu gamba la nje linatoboka, bado haliumi. Likifika kwenye sehemu laini ya ndani, unaanza kushtuka ukinywa maji baridi. Likifika kwenye neva, ndipo unaanza kutembea chumbani saa tisa usiku. Maumivu ni barua inayofika mwisho kabisa, wakati hatua zote za bei rahisi zimeshapita.

Na huku kwetu hiyo sukari ikaongezeka. Kiwanda cha Miwani, karibu na Kisumu, kilianza kusaga miwa mwaka 1922. Muhoroni ikafuata miaka ya 1960, Mumias miaka ya 1970. Chai ya maziwa yenye vijiko vitatu ikawa ndiyo kiamshakinywa cha taifa, soda ikawa heshima ya mgeni. Kinywa cha Mkenya kilibadilika ndani ya vizazi viwili au vitatu. Huduma ya meno haikubadilika kwa kasi hiyo.

Wakati wa ukoloni, hospitali za Nairobi ziligawanywa kwa rangi. Hospitali ya Waafrika, iliyofunguliwa mwaka 1901 kwa jina la Native Civil Hospital, ndiyo iliyokuja kuwa King George VI na baadaye Kenyatta. Daktari wa meno wa kukutazama mara kwa mara alikuwa wa Wazungu na wa wenye uwezo. Mwafrika alikutana na tiba ya kisasa ya meno kwenye zahanati au hospitali ya misheni, na alikutana nayo kwa umbo la koleo.

Koleo lilishinda kwa sababu zinazoeleweka. Unalichemsha, unalitumia tena, miaka ishirini. Halihitaji umeme. Kazi inaisha kwa dakika chache, na foleni nje ni ya watu arobaini. Kuziba jino kunataka mashine ya kutoboa, maji, stima isiyokatika, vipuri, dawa za kuziba zinazoagizwa kutoka nje na kuisha, na nusu saa kwa mgonjwa mmoja. Kwa hospitali isiyo na pesa, kung'oa ndiyo huduma pekee inayoweza kuwafikia wote. Hakuna aliyekaa kikao akaamua Waafrika wang'olewe. Bajeti iliamua yenyewe.

Baada ya uhuru, mwaka 1965, serikali iliondoa ada ya shilingi tano waliyokuwa wakilipa wagonjwa wa nje. Matibabu yakawa bure. Lakini bure ya nini? Ukienda na jino, bure yako ni kung'olewa. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha udaktari wa meno mwaka 1974. Kabla ya hapo, Mkenya aliyetaka kazi hiyo ilibidi avuke mpaka au bahari. Bima ya taifa, NHIF, ilikuwapo tangu 1966, ila kwa miongo mingi ililipia waliolazwa. Na jino, likutese vipi, kwa kawaida halikulazi wodini.

Halafu ukaja mwaka 1989. Mwaka huo nauona kama kiungo cha hadithi nzima, kwa sababu mambo mawili yalitokea kwenye nchi mbili zilizo mbali.

La kwanza ni Uingereza. Huko huduma ya afya ya taifa, NHS, ilianza mwaka 1948 na meno yalikuwa ndani, bure. Watu walifurika. Miaka na miaka ya meno mabovu ilitoka nyumbani kwa siku moja, na serikali ikashtuka ilipoona bili ya meno bandia. Mwaka 1951 iliamua kuyatoza ada, pamoja na miwani, na waziri aliyeianzisha NHS, Aneurin Bevan, alijiuzulu kwa hasira. Mwaka uliofuata wakaongeza ada ya pauni moja kwa matibabu ya meno. Hata hivyo kutazamwa kulibaki bure kwa miongo kadhaa, kwa hoja ambayo hata mhasibu anaielewa: usimtoze mtu kwa kuja mapema. Januari 1989, serikali ya Margaret Thatcher iliondoa hata hiyo.

La pili ni hapa nyumbani. Desemba ya mwaka ule ule, chini ya masharti ya kubana matumizi yaliyokuwa yakisukumwa na Benki ya Dunia, Kenya ilianzisha kuchangia gharama za hospitali. Wagonjwa walipungua ghafla, ada ya wagonjwa wa nje ikasimamishwa mwaka 1990, kisha ikarudishwa hatua kwa hatua. Ukimtoza mtu kwa kila ziara, ziara ya kwanza anayoifuta ni ile ambayo hajisikii vibaya. Mwenye malaria atatafuta pesa. Mwenye doa jeupe kwenye gego hatatafuta. Hivyo ndivyo kizazi cha wazazi wetu kilivyofundishwa kungoja maumivu. Mtu akikwambia Mkenya hapendi kwenda hospitali mpaka azidiwe, mwambie kulikuwa na risiti.

Kwa hiyo ni lazima iwe hivyo? Hapana, na jibu moja zuri lilitoka kwa jirani.

Katikati ya miaka ya 1980, Mholanzi Jo Frencken alikuwa akifanya kazi kwenye shule ya udaktari wa meno ya Dar es Salaam. Tatizo lake lilikuwa lile lile la koleo: vijijini hakuna umeme, mashine za kutoboa hazifanyi kazi, kwa hiyo kila jino bovu linang'olewa. Yeye na wenzake wakajaribu kuacha mashine kabisa. Walitumia vifaa vya mkono tu, kukwangua sehemu laini iliyooza na kuacha iliyo ngumu, kisha wakaziba shimo. Baadaye dawa iliyopendwa kwa kazi hiyo ikawa glasi ionoma, aina ya saruji inayonata kwenye jino na kutoa floraidi polepole. Hakuna mlio wa mashine, na mara nyingi hakuna hata sindano ya ganzi. Njia hiyo, inayojulikana duniani kwa kifupi chake ART, ilijaribiwa Thailand na Zimbabwe, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza. Mwaka 2021 shirika hilo liliingiza glasi ionoma na dawa ya meno yenye floraidi kwenye orodha yake ya dawa muhimu, ile ambayo nchi huitazama zinapopanga ununuzi.

Yaani wazo la kuokoa jino bila stima lilizaliwa Tanzania, likazunguka dunia, na Mkenya mwingi hajawahi kulisikia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, tunasema. Dar walituonyesha ufa unaweza kuzibwa hata mahali ambapo fundi hana mashine.

Sasa tuje kwenye ile amri ambayo kila mtu anaijua: kamwone daktari wa meno kila miezi sita. Nilidhani nitakuta maabara, nikakuta dawa ya meno. Kampuni ya Pepsodent ilidhamini kipindi cha redio kilichopendwa sana Marekani, Amos 'n' Andy, kuanzia mwaka 1929, na matangazo yake yaliwahimiza wasikilizaji wamwone daktari wa meno mara mbili kwa mwaka. Tangazo likarudiwa mpaka likawa kama amri ya Musa. Mwaka 1977 Aubrey Sheiham, mtaalamu wa afya ya meno wa London, aliuliza hadharani kwenye jarida la The Lancet kama miezi sita ina msingi wowote wa kisayansi. Mwaka 2004 taasisi ya miongozo ya Uingereza, NICE, ikaiacha amri hiyo: mtu mzima apangiwe kulingana na hatari yake, kuanzia miezi mitatu hadi miaka miwili, na mtoto asipitishe mwaka. Halafu mwaka 2020 yakatoka matokeo ya utafiti uliowafuata watu wazima 2,372 kwenye kliniki 51 kote Uingereza kwa miaka minne. Baina ya waliokuja kila miezi sita na waliopangiwa kwa hatari yao, hali ya fizi haikutofautiana kwa maana yoyote. Hata waliofaa kungoja miaka miwili hawakudhurika.

Usikimbie na hiyo habari, ngoja kwanza. Wale walikuwa watu ambao tayari wana daktari, tayari wamesafishwa, tayari wamezibwa. Mtu ambaye hajawahi kutazamwa tangu azaliwe hayumo kwenye utafiti ule. Kwake swali la miezi sita au kumi na minane halijafika. Swali lake ni mara ya kwanza.

Na mara ya kwanza inatisha hasa kwa sababu hujui nini kitatokea. Basi nikueleze.

Daktari ataanza kwa maswali, na mengi si ya meno. Una kisukari? Presha? Unatumia dawa gani? Una mimba? Unavuta sigara, unatafuna miraa? Usimfiche. Kisukari na ugonjwa wa fizi huchocheana, sigara huficha dalili za fizi kuvuja damu, na wanaotafuna miraa kwa Big G na soda wanayaogesha meno kwenye sukari saa sita mfululizo. Kisha atakushika shingo na chini ya taya akitafuta uvimbe, na atakagua ulimi, ndani ya mashavu na chini ya ulimi. Hapo anatafuta vidonda na madoa, zikiwemo dalili za mapema za saratani ya kinywa. Hii ni dakika moja ambayo watu wengi hawajui wameilipia, na huenda ndiyo yenye thamani kuliko zote.

Halafu utamsikia akimsomea msaidizi wake namba, kama mtu anayetaja laini za matatu: moja sita, tatu sita, nne saba. Si siri. Kinywa kimegawanywa robo nne, na namba ya kwanza ni robo, ya pili ni jino ukihesabu kutoka katikati. Tatu sita ni gego kubwa la kwanza, chini kushoto. Shirikisho la kimataifa la madaktari wa meno, FDI, liliukubali mfumo huo mwanzoni mwa miaka ya 1970 ili daktari wa Eldoret na wa Helsinki waelewane.

Akihamia kwenye fizi, atachomeka kijiti chembamba chenye alama kati ya jino na ufizi, naye atasoma namba ndogo. Hizo ni milimita. Moja hadi tatu ni salama. Nne kwenda juu ina maana ufizi umeanza kuachana na jino, na uchafu unajificha mahali brashi haifiki. Damu ikitoka hapo, usimlaumu daktari; ufizi wenye afya hauvuji ukiguswa. Usidhani uko peke yako pia. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 uliwakuta karibu watu wazima wote wakivuja damu kwenye fizi.

Eksrei si lazima kila ziara. Wilhelm Röntgen alitangaza miale yake mwishoni mwa 1895, na mwaka uliofuata Mjerumani Otto Walkhoff akajipiga picha ya meno iliyomtaka atulie dakika 25. Leo ni sehemu ya sekunde. Picha ndogo ya kung'atwa kwa magego, iliyobuniwa na Howard Raper mwaka 1925, inaonyesha mashimo yaliyo katikati ya meno ambayo jicho haliwezi kuyaona. Ukiambiwa upigwe, uliza anatafuta nini. Daktari mzuri atakujibu kwa sentensi moja.

Mwisho ni kusafisha, ikihitajika. Ukoga uliokauka ukawa kama chokaa hautoki kwa brashi, hata ununue ya elfu mbili. Unatolewa kwa chombo kinachotetemeka na kumwaga maji. Kinakera, mara chache kinauma. Na hapana, hakilegezi meno. Meno yanayoonekana kulegea baada ya kusafishwa yalikuwa yameshaachwa na ufizi; ukoga ndio uliokuwa umeyashikilia kama simenti ya fundi mbovu.

Kitu kingine ambacho ziara kama hii inaweza kukuokoa nacho ni matibabu usiyoyahitaji. Waliokulia Nakuru, Gilgil, Njoro na sehemu nyingi za Bonde la Ufa wanajua yale madoa ya kahawia. Yanatokana na floraidi nyingi kwenye maji ya visima wakati meno yalikuwa yakijijenga utotoni. Kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na maji ya huko mengi hukipita. Watu wamechekwa miaka yote kama wasiopiga mswaki. Hayo madoa si kuoza. Ukitaka kuyafunika kwa ajili ya sura, ni haki yako, lakini ujue unalipia urembo. Na mwenye mtoto mchanga asimpeleke kwa mtu wa kumtoa "meno ya plastiki". Uvimbe mweupe wanaouonyesha, wakisema ndio unaoleta kuhara, ni machipukizi ya chonge halisi, na kuyachokoa kumewaletea watoto maambukizi na meno yaliyoharibika.

Sasa pesa. Ziara ya 1,500 mara moja kwa mwaka ni shilingi 125 kwa mwezi. Ukiongeza kusafishwa, tuseme 3,000, ni 375. Linganisha na elfu ishirini za mzizi. Kama hata hiyo ni ngumu, kuna milango mingine. Hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi hutibu watu kwa mikono ya wanafunzi wanaosimamiwa na walimu wao, kwa bei ya chini. Utakachotoa zaidi ni muda. Hospitali za kaunti zina vitengo vya meno, na huko unaweza kuonwa na afisa wa afya ya kinywa, kada inayofunzwa KMTC kwa kazi kama kusafisha, kuziba kwa kawaida na kung'oa. Kama una bima ya kazini, soma karatasi yake. Nyingi zina kikomo cha meno kinachoisha mwaka ukiisha, ukitumia usitumie. Na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024 na kukata asilimia 2.75 ya mshahara, iulize kabla hujakaa kwenye kiti: kituo hiki, huduma hii, mnalipa au hamlipi?

Ukiwa kitini, omba mambo mawili. La kwanza, mpango ulioandikwa wenye bei, ukitenganisha kinachotakiwa sasa na kinachoweza kungoja. Hakuna anayeruhusiwa kuanza kutoboa kabla hujakubali. La pili, kabla hujaondoka, uliza: "Nirudi lini, na kwa nini muda huo?" Akikwambia miezi mitatu kwa sababu fizi zako zina tano na sita, rudi. Akikwambia mwaka na nusu kwa sababu uko sawa, furahi. Akikwambia miezi sita kwa sababu ndivyo inavyokuwa, mwambie kuhusu Pepsodent.

Najua hesabu ya 125 haimfai kila mtu. Kuna nyumba ambayo 125 ni unga wa siku mbili, na kumwambia mtu huyo kinga ni bora kuliko tiba ni kumtukana kwa adabu. Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Lakini pengo la wazazi wetu halikutokana na uzembe. Lilitokana na nchi iliyolipia koleo peke yake, kisha ikawatoza watu hata kwa hilo. Kaunti inayonunua koleo na ganzi inaweza kununua vifaa vya mkono na saruji ya kuziba, na kumtuma afisa wake shuleni mara moja kwa mwaka, watoto wafungue vinywa kabla ya chochote kuuma. Haihitaji stima. Tanzania ilishalijaribu hilo zaidi ya miaka thelathini iliyopita.